Damu Si Mafuta ya Nazi

Mchinga, Ijumaa alasiri

Somoe mwanangu,

Salamu hazina haja ya kupanda karatasi, maana uko chumba cha pili na mama yako, nakusikia unabishana naye habari za sufuria ipi ibaki na ipi iende. Mimi nipo ukumbi wa nyuma na daftari lako la zamani la jiografia, nimetafuta kurasa ulizoacha wazi. Najua utashangaa. Tangu nitoke kisomo cha watu wazima sijaandika kitu kirefu ila barua moja kwa mtendaji wa kijiji, ile ya mpaka wa shamba, na barua ile ilifanya kazi. Hii nayo nimeianza tangu adhuhuri.

Habari za kula, za kuswali, za marafiki na za kufunga mlango mama yako amezimaliza. Za vidonge na vipimo dada wa kliniki amekuandikia. Yale ya kike, kwamba dawa hii na mimba havikai pamoja na kwamba umwone daktari kabla na si baada, siku yanasemwa mimi nilitolewa nje, nikatoka, kwa hiyo siongezi neno. Nina jambo moja tu, na ni langu mimi.

Jana ulikuwa unafunga begi. Mama yako akakuuliza ile chupa ya mafuta ya nazi ya nini, kwani huko Songea hakuna maduka. Ukasema, "Hii ya mguu, mama. Nikivimba tena nitatafuta mtu mwenye mkono, nimwelekeze alivyofanya baba."

Mama yako akasema, "Kliniki si walikukataza kukandwa?"

Ukacheka. "Wale hawamjui baba yangu."

Mama yako akanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika kiatu kimoja, nikanyamaza pia. Huko kunyamaza kwetu wawili ndiko kulikokufikisha kwenye maneno hayo, na mimi ndiye niliyeanza.

Kwanza nitaje lililo kweli, usije ukadhani uzee umenifanya nijidharau. Kutoka hapa mpaka Kilwa Kivinje hakuna mkono kama wangu, na anayesema upo muulize yeye mwenyewe alikandwa na nani. Chande mkwezi alianguka kutoka juu ya mnazi, bega likatoka, mkono ukawa unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Leo anapanda minazi ya watu wote wa huku. Wachezaji mpira wameletwa hapa wamebebwa migongoni na wakarudi kwao wanatembea. Hayo nimeyafanya na siyaondoi.

Kazi hii alinifundisha mjomba wangu. Alikuwa mtu mkali, na sharti alinipa moja. Mgonjwa akifika, kabla hujagusa mafuta, muulize ameanguka wapi. Akikutajia mahali, kanda. Akiwa hana mahali pa kutaja, huyo si mtu wako, apelekwe kwingine. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mkono unajua kurudisha kitu kilichotoka mahali pake. Kama hakuna kilichotoka, unarudisha nini? Nikakaa na sharti hilo miaka zaidi ya thelathini, na nikalivunja mara moja, kwako.

Mwaka ule ulikuwa umemaliza kidato cha nne, ukapata kibarua cha kuchambua korosho ghalani. Mnakaa chini toka asubuhi mpaka jua linazama, miguu imekunjwa. Siku moja ukarudi unachechemea. Mguu wa kushoto, shavu la mguu limevimba, ngozi imevutika inang'aa. Jirani mmoja akasema umekanyaga mtego wa kichawi uliotegewa. Mwingine akasema matende yanaanza. Niliwacheka wote wawili. Mimi mitego siiamini, na matende nayajua, hayaji kwa siku mbili.

Siku hiyo barazani nilikuwa na mgeni, mtu mzima wa Kivinje, ameleta kiuno chake baada ya kusikia sifa zangu. Alikuwa mkekani anangoja zamu. Wewe ukaja ukakaa mbele yangu, ukanyoosha mguu. Nikakuuliza, "Umeanguka wapi?"

Ukasema, "Sijaanguka, baba."

"Umejikwaa?"

"Hapana. Umeanza wenyewe tu."

Nikaweka kiganja. Mguu wa kulia ulikuwa wa kawaida, wa kushoto ulikuwa wa moto kama bati lililopigwa jua. Hapo mkono wangu ulijua, Somoe. Sitaki uondoke ukifikiri nilikuwa sijui. Jina la ugonjwa sikulijua, lakini nilijua kwamba si kazi yangu.

Yule mgeni akasema, "Fundi, huyo si binti yako? Basi kama hata wa ndani wanakandwa hapa, mimi nimefika mahali salama." Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania kupitisha wakati. Lakini mimi nikaona nikisema mtoto huyu apelekwe zahanati, yeye atabeba kiuno chake arudi nacho Kivinje, na habari zangu atarudi nazo pia. Nikasema, "Mshipa umepanda. Siku tatu tu." Nikamwita mama yako apashe mafuta.

Nilikukanda siku tatu, asubuhi na jioni, mama yako amekushika mabega. Nilianzia kifundoni kwenda juu, nikapita nyuma ya goti, maana ndivyo mshipa uliopanda unavyoshushwa, unaufuata huko huko ulikokwenda. Ulikuwa unauma ncha ya kanga. Siku ya pili ulisema, "Baba, leo unaniumiza kuliko jana." Nikakwambia ndiyo maumivu yanatoka. Maneno hayo huwa nawaambia watu wote, na mara nyingi huwa kweli.

Siku ya tatu asubuhi uvimbe ulikuwa umelegea. Mgeni wangu alikuwa bado yupo, kiuno chake kinaendelea vizuri, nikamwita aje aushike. "Umeona?" Akasema, "Nimeona, fundi." Ukainuka kwenda kunawa. Hukufika kwenye pipa la maji.

Huwezi kukumbuka, kwa hiyo nakuandikia. Ulianguka kwa ubavu. Ukawa unavuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyekaa sana chini ya maji. Midomo ikabadilika rangi. Ukakohoa, na kwenye kanga pakatoka damu. Mama yako ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha gari, bila viatu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mkekani, mikono ina mafuta. Sikuinuka mpaka yule mgeni aliponishika bega, akasema, "Fundi, simama. Mtoto yule."

Mjini Lindi wakakuwekea oksijeni. Daktari alikuwa binti, naona amekuzidi miaka michache. Akakupima, akatoka, akatukuta mimi na mama yako kwenye benchi la koridoni.

"Mzee, kuna mtu ameukanda huu mguu?"

"Hapana."

Akanitazama vidole. "Mguu una mafuta, mzee."

"Ya kujipaka tu. Sisi watu wa pwani tunajipaka."

"Mpaka nyuma ya goti panateleza?"

Mama yako alikuwa anatazama sakafu. Yule binti akasema bila kupandisha sauti, "Simtafuti ili nimfunge. Namtafuta ili asirudie." Nikasema tena hapana. Mchana kweupe, na wewe upo upande wa pili wa ukuta unapumua kwa mashine.

Siku ya nne ulipoanza kunywa uji nikamfuata peke yangu. Usidhani ni wema. Nilitaka kujua kama ni mimi. Nikamwambia, "Yule aliyekanda ndiye huyu." Hakunikemea, alivuta kiti nikakaa. Akanieleza kwamba ndani ya mshipa wa shavu la mguu damu yako ilikuwa imeganda ikawa bonge. Bonge lile, au kipande chake, kiling'oka, kikachukuliwa na damu kupanda juu, kikapitia moyoni, kikaenda kuziba njia kwenye mapafu.

Nikabishana naye. Nikamwambia damu kuganda ni jambo jema, mimi nikijikata na panga naomba igande upesi. Akasema, "Kweli, mzee, pale penye jeraha. Ya Somoe imeganda pasipo na jeraha, hapo hapo njiani pake pa kupita."

Ndipo nikamweleza akili yangu ilivyokuwa. Unayajua mafuta yetu ya nazi. Asubuhi za kipupwe yanaganda chupani, yanakuwa meupe, hayamwagiki hata ukiipindua chupa. Ukiiweka karibu na jiko, yanarudi kuwa maji. Mimi kila kitu kilichojikaza mwilini mwa mtu, kiwe mshipa, kiwe damu, nilikiona hivyo. Moto wa mkono na moto wa mafuta vitakilainisha, kitakwenda. Nilimweleza kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi.

Akasema, "Damu si mafuta ya nazi, mzee. Ikishaganda haiyeyuki kwa moto. Inang'oka."

Nikamuuliza, "Basi ni mimi?"

Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangekuwa mafupi. Akasema, "Huenda. Hata bila kukandwa linaweza kung'oka lenyewe. Lakini kukanda ni kulisukuma."

Nikalichukua lile neno huenda nikaondoka nalo. Yale mengine niliyaacha pale mezani kwake. Miaka mitatu sasa, kila nikikumbuka ulivyoanguka, nalitoa neno hilo, nalitazama, nalala. Daktari alilisema kwa sababu ni mkweli, hakutaka kunibebesha asichokijua kwa hakika. Mimi nililitumia kwa kazi nyingine.

Kisha kuna safari ile ya Dar es Salaam. Wakachukua damu, wakasema turudi baada ya miezi mitatu wachukue tena, nikaona wanatuzungusha. Kumbe kipimo kimoja hakitoshi, maana kuna mtu damu yake huonyesha hivyo kwa muda tu, labda kwa homa, halafu inaacha. Yako haikuacha. Yule mkubwa wao, mwenye miwani, alinieleza hivi ulipokuwa chumba cha kutolea damu: mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari wako wamekosea mtu. Wanashika kitu ambacho si adui, kitu chako mwenyewe, na damu ikiona vurugu hiyo inajifunga, inaganda. Kwa nini wamekosea hakuna anayejua. Vidonge haviwaondoi hao askari, vinaizuia damu tu isiwafuate, ndiyo maana havina siku ya mwisho. Jina la ugonjwa ni refu, limo kwenye kadi yako, mimi sijawahi kulifikisha mwisho.

Nikamuuliza lililokuwa linanikera tangu mwanzo, ugonjwa huu unatoka ukoo upi. Mama yako mdogo mimba zilimharibikia mara nyingi, wewe unajua, nami nikadhani ni damu hiyo hiyo. Basi siku tunatoka hospitali Lindi nilishamwambia mama yako ndani ya gari, watu wanasikia, "Damu hii imetoka kwenu." Aligeukia dirisha. Sasa yule daktari wa Dar akaniambia, "Hakuzaliwa nao, mzee. Ameupata ukubwani." Niliporudi nikamsimulia mama yako kila kitu, mpaka urefu wa lifti, isipokuwa hilo. Alikuja kulijua kwako, baada ya miezi, kliniki walipokueleza. Siku hiyo aliniwekea chakula, akaenda kula kwa jirani. Hatujawahi kulizungumza. Nalitaja hapa kwa sababu ulikuwa unaniuliza kwa nini mwaka ule mama yako alikuwa hacheki na mimi.

Turudi nyumbani. Ulipotoka hospitali nyumba ilijaa watu. Chande akasema mbele yao, "Kama si mkono wa Mzee Bakari, mguu ule ungekatwa. Si ulikuwa umelegea kabla hata ya kufika hospitali?" Na yule mgeni wa Kivinje alishapeleka habari kwao, kwamba aliushika kwa mkono wake na akaona uvimbe unashuka. Ikawa inasemwa kwamba mapafu ni jambo lingine, ubaridi wa sakafu ya ghala, lakini mguu aliutibu baba yake. Wote wakanitazama mimi. Nafasi ya kusema hapana ilikuwepo, tena pana. Nikasema, "Alhamdulillahi." Neno lenyewe halina uongo ndani yake, na mimi nililitumia kudanganyia.

Baada ya mwezi nilikuwa naisimulia mwenyewe. Kila nikiisimulia mkono wangu ulizidi kuwa mkubwa na hospitali ikazidi kuwa ndogo. Watu wakaongezeka barazani. Wewe ulikuwa unakaa kando unakuna nazi, unasikiliza, mara nyingine unanikumbusha mahali nilipoparuka. Ndiwe msikilizaji niliyemdanganya kuliko wote, na ndiwe pekee mwenye mguu wenyewe.

Mwaka jana fizi zikakutoka damu, ukaviacha vidonge wiki nzima bila kumwambia mtu. Mguu ukaanza tena. Ukaja mkekani, ukanyoosha mguu kama siku ile, ukasema, "Baba, nikande kidogo."

Nikaweka mikono nyuma. "Vidole vinaniuma leo. Twende hospitali."

"Kidogo tu, mpaka gari lije."

"Nimezeeka, mama. Twende."

Chande alikuwepo, akacheka, akasema, "Leo ndiyo nasikia neno hilo likitoka kinywani mwako." Fikiri mtu kama mimi kusema amezeeka mbele ya Chande. Niliona ni rahisi kuliko kusema la kweli. Tukaenda, wakakupima, wakakurudishia dawa na sindano za tumboni, wakasema tumewahi. Wewe ukabaki unaamini kwamba siku ile ulikosa bahati tu, vidole vya baba vilikuwa vinauma. Mpaka jana, na chupa ile mkononi.

Siku hizi asiye na mahali alipoanguka namrudisha. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na mguu mmoja umevimba, wa moto, hajajikwaa popote. Nikamwambia nenda zahanati leo hii, usingoje kesho. Akasema nina maringo, ninachagua wagonjwa. Akaondoka ananitukana mpaka kwenye kona. Wanasema Mzee Bakari kaisha. Waseme. Mkono wangu uko vile vile, na Chande akianguka tena kesho nitamrudisha bega lake kabla chai haijapoa.

Huko Songea kuna baridi, na kuna mtu mwenye mkono. Kila mahali yupo. Atakuwa mzee mwenye maneno mazuri, atakushika mguu, atasema mshipa umepanda, siku tatu tu. Watu aliowaponya watakuwepo, watakutolea ushahidi, na watakuwa wanasema kweli. Hatakuwa mwongo. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu mwongo ungemtambua. Mwambie wewe ulishakandwa na mtu bora kuliko yeye, ukaishia kwenye oksijeni. Chupa sikuitoa kwenye begi. Ni mafuta mazuri, jipake nywele.

Nilikusudia kuificha barua hii katikati ya nguo zako uikute umeshafika. Leo baada ya sala nikamweleza mama yako, na ni mara ya kwanza sisi wawili kulitaja jambo hili kwa maneno. Alikuwa anakunja shuka zako. Akasema, "Baba Somoe, ukiiweka kwenye begi utakuwa umemkimbia mtoto." Kisha akaendelea kukunja.

Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho, stendi ya Lindi, kabla gari la Songea halijaondoka. Utaisoma nikiwa nimekaa pembeni yako. Ukiwa na la kusema utalisema, hata watu wakisikia. Ukitaka kupanda bila kunipa mkono, panda, sitakufuata dirishani.

Msamaha siuombi hapa. Huo ni wako, utautoa au utaubakiza. Ninalotaka ni hili. Ukifika kliniki ya huko watakuuliza habari zako tangu mwanzo. Usiwasimulie kama ninavyosimulia mimi barazani. Waambie, mguu ulivimba, baba yangu akaukanda siku tatu akijua hapaswi, bonge likaenda kwenye mapafu. Wakiuliza jina, lipo hapo chini, walisome. Na kile kidonge cha jioni, hata iwe jioni ya kesho ndani ya gari na hutaki kusikia habari zangu, kimeze. Una haki ya kunikasirikia miaka mingi, na mimi nataka uifikie hiyo miaka. Meza kwanza, ndipo uendelee na hasira zako.

Ni mimi baba yako,
Bakari, niliyekukanda.